Shati Lililotoka Sandukuni

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliamka kila siku saa kumi na moja kasoro robo, nikatoka uani na kuipangusa baiskeli ambayo haikuwa na safari. Wiki ya pili nikaitafutia safari: hadi sokoni, hadi msikitini, hadi kwa fundi ambaye hakuona cha kutengeneza. Mke wangu Zaituni alinivumilia siku kumi na nne, kisha akaweka daftari mezani, akasema kama miguu imekataa kukaa, basi niupe mkono kazi. Ndiyo sababu ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye chumba cha kunusia, hasa ninyi watatu mlioajiriwa mwaka jana, ambao nimesikia mnataka kuiondoa ile desturi ya foleni. Nitafika huko. Lazima nianzie kwenye jasho.

Kazi yangu ilikuwa kunusa. Mtu akiniuliza nilifanya nini kwa miaka thelathini na moja, nikimjibu hivyo hucheka, kisha hujinusa begani akidhani sioni. Ghala letu, nyuma ya stesheni ya Morogoro, lilinunua viungo kutoka milima ya Uluguru: karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki. Mkulima akishusha gunia, mnusaji hulichoma kwa kile chuma chenye mfereji tunachokiita sindano, akamwaga sampuli kwenye sinia jeupe, akaitazama, akaitafuna, akainusa. Kisha hutoa neno: safi, wastani, au ina mgeni. Kuwa na mgeni maana yake kiungo kimevuta harufu isiyo yake, ya moshi, ya mafuta ya taa, ya ukungu. Iliki ndiyo mdaku kupita vyote. Ikilala chumba kimoja na kitunguu, asubuhi inajua habari zote za kitunguu.

Nami niliishi Bigwa, nikaenda kazini kwa baiskeli. Hapo ndipo pana mgogoro wote wa maisha yangu ya kazi. Mtu ambaye hakutakiwa kunuka kitu chochote alifika kila asubuhi akiwa ametoka kuchuruzika nusu saa nzima kwenye vumbi jekundu.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Nikajipaka mafuta ya nywele, nikanyunyiza marashi shingoni, nikapanda baiskeli nikiwa na vyote hivyo mwilini. Kufika mjini kola ilikuwa imelowa. Kufika ghalani mgongo wote ulikuwa ramani, na mguu wa kulia wa suruali ulikuwa na alama nyeusi ya cheni, safi kama muhuri wa ofisi. Mnusaji mkuu alikuwa Mzee Mloka, mtu wa Matombo, mwembamba, mwenye pua ya kawaida kabisa, jambo ambalo lilinisikitisha. Nilitegemea pua ya kutisha. Aliinua kiganja kabla sijavuka kizingiti.

"Kijana, umekuja kazini au umekuja posa?"

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kutoka kule kule mbali, akanielekeza uani, upande ule ambao upepo unatoka ghalani kwenda relini, na huko nilisimama hadi saa nne. Wapagazi walipita na magunia kichwani wakiniuliza bibi harusi amechelewa wapi.

Alasiri ndipo alipoanza kunifundisha, na hakunifundisha kunusa. Kwa miezi mitatu alinifundisha kuoga.

Kwanza akazitenga nguo zangu za njiani na nguo zangu za kazini, kama mtu anayewatenga jogoo wawili. Njiani nilivaa kaptula kuukuu, fulana na kandambili. Nguo za kazini zilisafiri kwenye keria, na hazikukunjwa. Ziliviringishwa, shati ndani ya suruali, suruali ndani ya taulo, taulo ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, kwa sababu mvua ya Uluguru haibishi hodi. Nguo iliyokunjwa hufika na mistari minne. Iliyoviringishwa hufika imelegea kidogo, ukiipiga makofi mawili inakaa. Viatu vilibaki ghalani, vikiwa vimejazwa magazeti ya zamani, na magazeti hayo yalibadilishwa kila Jumatatu, habari mpya zikinyonya unyevu kama za zamani.

Niliuliza kwa nini nisiyaache na mashati huko. Mzee Mloka alitundika shati langu moja msumarini kwa siku mbili, kisha akanirudishia. Lilinuka karafuu kuliko karafuu yenyewe.

Halafu maji. Kila kijana akifika hukimbilia ndoo, na kila kijana hutokwa jasho upya akiwa anafunga kifungo cha mwisho. Mwili unaendelea kupanda kilima dakika kumi baada ya baiskeli kusimama. Kwa hiyo ukifika, kaa kivulini, vua fulana, usiongee na mtu, subiri hadi uone baridi kwenye masikio. Hapo ndipo uoge, na makopo manne yanatosha: moja kichwani, moja kila kwapa, la mwisho miguuni. Sabuni ilikuwa ya jioni, nyumbani, mche wa kawaida usio na manukato. Asubuhi ni maji na dodoki tu. Kwapani tulipitisha jiwe la shabu, lile jeupe wanalotumia vinyozi baada ya kunyoa, ambalo huzuia jasho na lenyewe halinuki. Chai ya tangawizi marufuku kabla ya saa sita. Kiporo cha wali wa nazi marufuku. Zaituni alipoolewa aliambiwa hayo yote na mimi mwenyewe, usiku wa tatu, na nadhani aliniona mtu mwenye ugonjwa.

Mambo haya si usafi wa kujipendezesha. Kati ya sampuli na sampuli mnusaji huinamisha uso kwenye kiwiko chake, upande wa ndani, akavuta pumzi mbili. Huko Mzee Mloka alikuita kurudi nyumbani. Pua iliyotembea kwenye karafuu ishirini haijui tena ilipo. Inahitaji mahali pa kuanzia, na mahali hapo ni ngozi yako na nguo yako. Nyumbani kukiwa na mgeni, kila unakokwenda utamwona yeye.

Nilielewa maneno hayo kwa kichwa. Kuyaelewa kwa mwili kulinichukua miaka kumi na moja.

Mzee Mloka alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, nami nilikuwa mnusaji mkuu. Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano bila kupumua, kamba ya nguo ilikuwa inalia maji, na mashati yangu yote ya kazini yalikuwa mabichi. Kuyakausha jikoni hakukuwezekana kwa sababu ya moshi. Asubuhi ile Zaituni alifungua sanduku la chini ya kitanda akatoa shati langu la Idi, jeupe, zuri, lililokuwa limelala humo miezi mingi.

Alisema lina harufu ya sanduku, nimpe saa moja alipepee barazani. Nilikuwa na haraka. Siku zote nilikuwa na haraka. Hata nikiwa nimekaa, kisigino kilipiga pedeli isiyokuwepo. Nikamwambia upepo wa barabarani utaipeperusha. Kisha nikaliviringisha ndani ya taulo, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mahali ambapo hakuna upepo wa dunia hii ungeweza kuligusa.

Ghalani nilikaa kivulini dakika zangu kumi, nikaoga, nikavaa, nikanusa kiwiko. Palikuwa kimya. Sasa najua kwa nini. Nilikuwa nimesimama ndani ya harufu ile kwenye kile chumba kidogo cha kuogea kwa muda wa kutosha pua kuizoea na kuacha kuitaja.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Asia wa Kinole, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama walioleta iliki yao kwa pamoja. Iliki yake nilikuwa naifahamu kama unavyofahamu sauti ya jirani. Tuliamkiana, akaniuliza hali ya nyumbani, nikachoma gunia, nikaponda punje tano, nikazimimina kwenye bakuli la maji ya moto na kuinama juu yake, viganja vyote viwili vikilifunika kama tunavyofanya.

Mvuke ukapanda, ukalowesha mikono ya shati, ukaiamsha harufu iliyokuwa imelala. Nikaisikia waziwazi, kali, nyeupe: vidonge vya nondo, vile vya kulinda nguo zisiliwe na wadudu. Naftalini.

Nikarudi nyumbani kiwikoni, ambako mvuke haukufika, pakawa kimya, nikainama tena. Ilikuwepo. Nikachoma gunia la pili na la tatu. Ilikuwepo kote. Nikamuuliza kama anaweka dawa ya nondo ghalani kwake. Akasema hapana. Nikamuuliza kama jirani anaweka. Akasema hapana, na akaanza kunitazama kwa namna ya mtu anayeona gari likija upande wake wa barabara.

Walio wakongwe kati yenu wanakumbuka tulivyofanya enzi hizo. Neno la mnusaji lilisomwa ngazini, kwa sauti, jina na kijiji, ili foleni nzima isikie. Lengo lilikuwa kila mtu ajue hapana upendeleo. Nikasimama ngazini na shati langu jeupe la Idi nikasoma: Mama Asia, Kinole, ina mgeni, dawa. Mpagazi akapiga alama nyekundu kwenye magunia yake. Na kwa kanuni za wakati ule, mwanachama mmoja akikutwa na dawa, mzigo wa kikundi chote ulifunguliwa gunia kwa gunia msimu mzima, kwa hiyo vikundi havikumngoja mtu wa namna hiyo. Vilimtoa.

Hakupiga kelele. Alipanda ngazi mbili, akasimama chini yangu kidogo, akasema maneno ambayo nimeyabeba kwenye keria mpaka leo.

"Baba, dawa ya nondo mimi naijua kwa kusikia tu. Mimi sina sanduku."

Nikamwita anayefuata. Wa pili alileta karafuu, na karafuu hazihitaji maji ya moto, kwa hiyo hazikupatikana na kosa. Iliki nyingine siku ile haikuja.

Jioni nilifika Bigwa, nikavua nguo za njiani, nikafungua mfuko nimpe Zaituni shati aliloweke. Nikamsimulia habari ya Mama Asia kama tunavyosimulia mambo ya kazini, nusu kwa masikitiko na nusu kwa kujisifu, kwamba pua haikumwonea haya mtu ninayemheshimu. Zaituni alikuwa ameinua shati. Akanusa mkono mmoja wa shati, akanusa mwingine, kisha akaliweka gotini taratibu.

"Huyo mama hana sanduku," alisema. "Wewe unalo."

Sikula. Nilizunguka uani hadi giza likaingia, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaiondoa, nikaiegemeza tena. Kesho yake asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bwana Kessy, nikamweleza yote, shati nikiwa nimelifunga mfukoni kama ushahidi. Alilinusa kwa mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mama yule akileta tena tutampokea kimya kimya, magunia yake tutayageuza alama isionekane, yaishe. Nikasema jina lake lilisomwa kwa sauti. Akasema ndiyo, na ndiyo maana haliwezi kurudishwa kwa sauti: siku pua ikikiri kosa moja, kila aliyewahi kukataliwa atasimama ngazini kudai lake, na ghala litageuka baraza la usuluhishi.

"Wewe ni mizani," akaniambia. "Mizani haiombi radhi."

Nilifanya kazi siku zile zilizobaki huku kisigino kikipiga ile pedeli isiyokuwepo chini ya meza. Jumapili, siku yangu ya mapumziko, niliondoka kabla jua halijachomoza, nikashika barabara ya mlimani.

Kuhusu njia ya Kinole kwa baiskeli wakati wa masika sina mengi ya kuwafundisha, maana sehemu kubwa nilitembea. Niliendesha hadi Mkuyuni. Kuanzia hapo baiskeli ilinipanda mimi. Tope lilijaa kati ya gurudumu na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, nikavunja kijiti nikalitoa, nikaenda hatua ishirini, nikalitoa tena. Kwenye kijito kimoja niliteleza, mimi chini na baiskeli juu, na mfuko wenye shati safi nililoazima kwa shemeji ukafunguka na kunywa maji. Mtu aliyewahubiria vijana plastiki mbili alikuwa ameondoka na plastiki moja, kwa haraka.

Nilifika saa saba. Akina mama wa kikundi, kama kumi na wawili, walikuwa wamekaa kwenye banda la kukaushia iliki nyumbani kwa mmoja wao, na Mama Asia alikuwa amekaa pembeni, si mahali pa mwenyekiti. Niliona hilo kabla sijaona kitu kingine. Niliacha baiskeli ianguke, nikaanza kusema pale pale kwenye mvua, tope likinichuruzika hadi vifundoni.

Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kaoge kwanza."

Nikasema mama, niache niseme, nimetoka mbali.

"Naona ulikotoka, umekuja nako. Kaoge. Maneno ya mtu mwenye tope watu watayahurumia tu, hawatayasikiliza."

Basi nikaoga nyuma ya nyumba, uani mwa makuti, kwa maji ya baridi yaliyotoka mlimani moja kwa moja, na mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilioga bila kusubiri dakika kumi. Nguo kavu sikuwa nayo. Nikaletewa kanga ya kujifunga kiunoni na fulana ya mpira ya mtoto wa mwenye nyumba, namba tisa mgongoni, iliyoniishia kitovuni. Nilipotokea bandani mama mmoja aliangukia bega la mwenzake kwa kicheko, na mwingine akauliza kama ghala siku hizi linatuma washambuliaji. Nikawaacha wacheke. Kisha nikasimama katikati nikasema yote: sanduku, mvua, shati, bakuli, mvuke. Nikasema iliki ya Mama Asia haikuwa na kitu. Mgeni alikuwa mimi.

Kisha mama aliyekaa mahali pa mwenyekiti, mtu mzima, mkavu wa sauti, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, si Mzee Mloka wala Bwana Kessy.

"Wewe unatunusa sisi. Wewe nani anakunusa?"

Nikasema hakuna.

Wakaangaliana. Mama Asia akasema hapo sasa pana kazi. Alipogeuka kwangu hakuwa amelainika hata kidogo, na nashukuru.

"Jina langu hukulisoma hapa, ulilisoma ngazini," alisema. "Hapa umetoa habari tu. Kalisome pale pale, mbele ya watu wale wale. Na siku nitakayoshuka na mzigo, kabla hujainama kwenye bakuli langu, mimi nitakuinamia wewe kwanza."

Siku ya kupokea mzigo iliyofuata, foleni ikiwa imejaa, nilipanda ngazini nikasoma: Mama Asia, Kinole, safi, mgeni alikuwa kwenye shati la mnusaji. Bwana Kessy alikuwa dirishani. Hakunisemesha kwa majuma mawili, na alipoanza tena alianza na habari za mpira. Wiki ile walikuja wakulima wawili kudai tuwarudie magunia yao. Tuliwarudia. Mmoja lake lilikuwa na ukungu kama tulivyosema, mwingine alikuwa na haki. Ghala halikuanguka.

Mama Asia aliposhuka akafanya alichokiahidi. Mbele ya foleni nzima aliniambia niinue mikono, akanusa kola, kwapa la kulia, kwapa la kushoto, viganja, mikono ya shati, bila haraka, kama anayechagua kitambaa. Kisha akasema safi, kwa sauti yetu ya ngazini, na watu wakapiga vigelegele. Mara iliyofuata alifanya tena. Siku ambazo hakushuka, mtu wa Tegetero alidai na yeye anuse, kisha mtu wa Matombo, na kabla msimu haujaisha ilikuwa imeeleweka kwamba wa kwanza kwenye foleni humnusa mnusaji, na bila hilo gunia halichomwi. Hakuna waraka uliowahi kuandikwa. Ukiacha siku yangu ya mwisho, nimerudishwa bafuni mara saba kwa miaka hiyo yote: mara mbili moshi wa pasi ya mkaa, mara moja grisi ya cheni chini ya ukucha, mara moja kitunguu cha jana, na mara tatu jasho tupu, kwa sababu sikusubiri zile dakika kumi.

Ninyi mnasema inadhalilisha. Mnakuja kwa bodaboda, hamtoki jasho, mnadhani hamna cha kunuswa, na yule mmoja wenu anayejipulizia kwapani asubuhi anadhani hatujui. Ninawaelewa. Kumwinulia mikono mtu usiyemjua, aliyetembea tangu alfajiri, ambaye leo unaweza kumkatalia jasho lake la mwaka mzima, si jambo jepesi. Ndiyo maana mimi ningeomba msiiondoe. Lakini sikuchukua daftari la Zaituni kwa ajili ya nasaha. Kuna jambo la siku yangu ya mwisho ambalo hamkuliona vizuri, kwa sababu mlikuwa mnapamba ukumbi wa kuniagia.

Asubuhi ile palikuwa na baridi ya mlimani na magoti yaliuma. Niliyachua kwa dawa ya Zaituni ili yanifikishe, na nilipofika nikayasugua kwa dodoki mara mbili. Nikajinusa. Kimya. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti wa Matombo, mtoto mgongoni, gunia la mdalasini mbele yake. Nikainua mikono. Akapitia kola na makwapa, akasita, akainama hadi usawa wa magoti.

"Bado, babu," akasema. "Una dawa ya kuchua."

Foleni ikacheka, nami nikacheka, nikarudi kusugua hadi ngozi ikawasha. Nikatoka. Akainama tena, na aliponyanyuka uso wake haukuwa na kicheko. Akasogea karibu, kwa adabu, wengine wasisikie.

"Bado ipo, na ni kali. Babu, wewe huisikii?"

Dawa ile, wenzangu, mtu akiipaka Bigwa unaisikia mjini. Nikavuta pumzi. Nikavuta nyingine. Nikamwambia ukweli: siisikii. Kisha nikasema magoti yananitesa, mwenzenu Neema aninusie magunia leo, na mkadhani ni uchovu wa siku ya kuaga. Mlinipa keki na redio. Saa tisa nilipanda baiskeli, nikafika Bigwa, nikapita nyumbani kwangu bila kusimama, nikaendelea hadi kilima kikanishinda.

Sijui pua iliondoka lini. Kitu kama hicho hakiagi. Labda wiki ile, labda tangu homa ya mafua ya mwanzo wa msimu. Nimezunguka na swali hilo kila barabara ya mji huu, na siwezi kulijibu peke yangu, kwa sababu aliyepaswa kulijibu ni pua yangu.

Mnajua kwamba sampuli za magunia yote tuliyoyakataa huwekwa kwenye makopo, rafu ya chini, hadi msimu uishe. Yangu ya miezi mitatu ya mwisho ni kumi na manne, na kila moja lina jina na kijiji kwa mwandiko wangu. Yafungueni. Kama hata moja ni safi, nipeni jina. Ngazi ile bado itanibeba, nami nitalisoma mwenyewe. Na kabla hamjafungua kopo la kwanza, tokeni mlangoni mkamwite mtu yeyote aliye kwenye foleni, muinue mikono.